Msimu wa ACC na swali la karatasi

Msimu wa 2024-25 wa ACC, ile ligi ya basketi ya vyuo vikuu vya Marekani, umekwisha. Duke walichukua kila kitu ndani ya ligi, halafu ndoto ya kombe la taifa ikawaponyoka katika sekunde zisizofika arobaini. Wengine wengi waliishia njiani. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, na vijana wetu waliufuata msimu huu kuanzia Novemba mpaka Aprili kama vile Duke iko Mbarara. Sababu ni mchezaji mmoja mwenye urefu wa mita 2.18, anaitwa Khaman Maluach. Picha yake iko kwenye simu nyingi hapa kambini. Lakini nadhani picha hiyo tunaisoma vibaya, na ndiyo maana nataka tuupitie msimu wote, tusimwangalie yeye peke yake.

Kwanza kwa wasiofuatilia basketi. Kule vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 350, haviwezi kucheza ligi moja. Vimegawanywa katika makundi wanayoyaita konferensi. ACC ni konferensi ya Pwani ya Atlantiki, lakini msimu huu waliingia Stanford na California, ambao wako upande wa pili kabisa, kwenye bahari ya Pasifiki, pamoja na SMU wa Dallas, Texas, ambako hakuna pwani yoyote. Pesa za televisheni ndizo zilizochora ramani hiyo. Sisi watu wa huku tunajua jinsi ramani zinavyochorwa na watu walio mbali, kwa hiyo hatukushangaa sana. Timu zikawa 18, kila moja mechi 20 za ligi. Timu 15 za juu zilikwenda Charlotte, North Carolina, mwezi wa tatu kugombea kombe la ligi, na tatu za mwisho zikabaki nyumbani. Baada ya hapo timu 68 za nchi nzima huchaguliwa kwa mashindano ya taifa. Huko ukipoteza mechi moja, unafunga mabegi.

Msimu ulianza na makocha kuondoka. Tony Bennett, aliyewapa Virginia ubingwa wa taifa mwaka 2019, aliacha kazi Oktoba, wiki chache tu kabla ya mechi ya kwanza. Tarehe 26 Desemba Jim Larrañaga wa Miami naye akaacha, katikati ya msimu, wakati mwaka 2023 alikuwa amewafikisha Miami kwenye nne bora. Wote wawili walieleza kwamba mchezo wa vyuo umebadilika. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Kocha anajenga timu mwaka huu, mwaka unaofuata nusu yake imehama. Miami walimaliza na ushindi 7 na vipigo 24.

Desemba pia ndiyo ilionyesha kwamba ligi imedhoofika. ACC walikutana na SEC, konferensi ya kusini, katika mechi 16. SEC walishinda 14. Mbili tu ndizo zilizobaki upande wetu: Duke waliwafunga Auburn 84-78, na Clemson wakawafunga Kentucky 70-66. Nasema "upande wetu" kwa sababu tayari tulikuwa tumeshachagua upande, na mtu akishachagua upande hata kipigo kinakuwa chake. Machi ilipofika, SEC walipeleka timu 14 kwenye mashindano ya taifa, na ACC wakapeleka nne tu kati ya 18.

Hapo kuna mafunzo mawili ambayo vijana waliyapenda kuliko hata mechi za Duke. La kwanza ni NC State. Mwaka 2024 hawa walishinda mechi tano kwa siku tano, wakabeba kombe la ligi ambalo hakuna aliyewategemea, wakaendelea hadi nne bora ya taifa. Mwaka uliofuata, 2025, walikuwa kati ya zile timu tatu zilizobaki nyumbani. Wale mabingwa watetezi hawakupata hata nafasi ya kutetea, na kocha akafukuzwa. La pili ni Louisville, kinyume chake. Msimu wa 2023-24 walishinda mechi 8 wakapoteza 24. Akaja kocha mpya, Pat Kelsey, na wachezaji karibu wote wapya, wakashinda 27 na kupoteza 8. Ndani ya ligi walishinda 18 kati ya 20. Kijana mmoja wa darasa la jioni aliniambia, "Kocha, kumbe mwaka mmoja unatosha kupanda, na unatosha kushuka." Nikamwambia ndiyo, lakini angalia Louisville walipata nini ndani ya huo mwaka mmoja: kocha, pesa, gimu, na ruhusa ya kusajili upya. Mwaka peke yake haupandishi mtu.

Clemson nao walishinda 18 kati ya 20, na ndio pekee walioifunga Duke ndani ya ligi, 77-71, tarehe 8 Februari. Siku ile hapa kulikuwa na maombolezo. Lakini basketi haina shukrani: mwezi uliofuata Clemson walitolewa na McNeese, chuo kidogo cha Louisiana, 69-67, baada ya kupata pointi 13 tu kipindi chote cha kwanza. Louisville walitolewa siku hiyohiyo na Creighton.

Sasa Duke. Mechi 20 za ligi, ushindi 19. Nyota alikuwa Cooper Flagg, kijana wa miaka 18 kutoka Maine, ambaye Januari aliwapiga Notre Dame pointi 42 katika mechi moja. Kule Charlotte Flagg aliumia kifundo cha mguu katika mechi yao ya kwanza kabisa, wakaendelea bila yeye. Nusu fainali walikuwa mbele ya North Carolina kwa pointi 24, halafu wakaanza kuteleza. Mwishoni North Carolina walipiga mtupo wa adhabu ambao ungesawazisha mechi. Mpira uliingia. Mwamuzi akaufuta, kwa sababu mchezaji mwenzake alikanyaga ndani ya mstari mapema. Duke 74, North Carolina 71. Kesho yake wakawafunga Louisville 73-62, kombe la ligi likawa lao. Nimewaonyesha vijana ule mtupo mara nyingi kuliko danki yoyote. Hatua moja ya haraka ilifuta kazi ya timu nzima.

Na Khaman? Hapa ndipo watu wanashangaa. Wengi hapa wanadhani alikuwa staa wa timu. Hapana. Alicheza wastani wa dakika 21 kwa mechi, kati ya 40. Alipata wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6. Lakini kila mara 100 alizojaribu kufunga, 71 ziliingia, kwa sababu hakujaribu mambo ambayo si yake. Alisimama chini ya ringi, akazuia, akawafungulia wenzake njia kwa mwili wake, akasubiri mpira wa juu, akaudanki. Basi. Kwa mtu aliyeanza basketi akiwa na miaka kama 13, kujua kazi yako ndogo na kuifanya vizuri mbele ya maelfu ya watu si jambo dogo.

Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, na akakulia Kawempe, hapo Kampala, baada ya familia kuondoka kwao. Alipoanza kucheza alikuwa anatembea karibu saa nzima kufika uwanjani, na alifanya mazoezi akiwa amevaa Crocs. Akiwa na miaka 14 alichukuliwa kwenye akademia ya NBA iliyoko Senegal. Akiwa na miaka 16 alicheza Kombe la Dunia na timu ya Sudan Kusini, na mwaka 2024 akaenda Olimpiki ya Paris. Halafu Duke.

Hadithi hii kwenye mikutano yetu husimuliwa kwa neno moja: kipaji. Ndugu zetu wa mashirika wanaipenda, na mimi pia nimeitumia. "Ukijituma, utafika." Lakini ichambueni polepole. Kulikuwa na uwanja, hata kama ni mwendo wa saa moja. Kulikuwa na akademia iliyomlisha, ikamsomesha, ikamvisha viatu vinavyomtosha. Kulikuwa na shirikisho la basketi la nchi ambayo haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani, lakini lilikuwa na rais anayeitwa Luol Deng. Deng mwenyewe alizaliwa Wau, familia yake ikakimbilia Misri, halafu Uingereza, na msimu wa 2003-04 akacheza Duke. Yaani aliyemshika mkono Khaman ni mtu aliyepita njia ileile miaka 20 kabla yake. Kipaji kilikuwepo, sikatai. Ila kila hatua ilikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu aliyeufungua. Na karibu kila mlango ulidai karatasi.

Karatasi ndiyo iliyoujaza msimu huu kwetu, hata tukiwa tunaangalia mpira. Tarehe 20 Januari, timu za ACC zikiwa katikati ya ratiba, rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, ikaanza kufanya kazi tarehe 27. Siku hiyo ya 27 ndiyo waasi wa M23 waliingia Goma. Wenye ndugu kule wanaijua tarehe hiyo bila kuandikiwa. Kwa hiyo wiki moja ilileta watu wapya kutoka Congo, na wiki hiyohiyo ikawafungia mlango wale waliokuwa wamesubiri miaka, wamefanya mahojiano yote, wamepimwa afya. Kuna vijana wa timu yetu ambao familia zao zilikuwa zimeshauza vitanda.

Wiki hizo misaada ya Marekani kwa nchi za nje nayo ilisimamishwa. Nilimkumbuka Dikembe Mutombo, ambaye alifariki Septemba 2024, mwezi mmoja na kitu kabla ya msimu kuanza. Hakucheza ACC, alicheza Georgetown. Lakini wangapi wanajua aliingiaje Marekani? Mwaka 1987 alitoka Kinshasa kwa ufadhili wa masomo wa USAID, na nia yake ilikuwa kusomea udaktari. Basketi ilikuja baadaye. Baada ya kupata pesa akarudi kujenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, ikafunguliwa 2007. Mwaka 2025 shirika lile lililompa ufadhili lilivunjwa. Mtu akiniambia basketi ndiyo iliyomtoa Mutombo, namwambia: kilichomtoa ni nafasi ya kusoma. Basketi ilimkuta akiwa tayari darasani.

Halafu ikaja tarehe 5 Aprili. Nne bora ya taifa, San Antonio, Texas, Duke na Houston. Huku kwetu ilikuwa karibu saa kumi usiku, Jumapili imeanza. Tulikuwa kumi na wawili, simu mbili, bando la kuchangishana. Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 zikibaki dakika kama nane. Chini ya dakika moja kabla ya mwisho bado walikuwa mbele 67-61. Houston wakapiga pointi tatu. Duke wakapoteza mpira wakiurudisha mchezoni, Houston wakadanki. Duke wakapewa mtupo wa adhabu, wakakosa. Flagg akaitiwa faulo kwenye ribaundi, Houston wakapiga mitupo miwili, yote ndani: 68-67. Flagg akajaribu kurudisha, mpira ukagonga ringi. Mwisho 70-67. Pointi tisa mfululizo bila jibu. Khaman alicheza dakika 21 usiku ule na hakushika ribaundi hata moja. Ni jengo lilelile, Alamodome, ambamo mwaka 2004 Duke ya Luol Deng ilikuwa mbele kwa pointi nane zikibaki dakika tatu hivi, ikafungwa 79-78 na Connecticut.

Hiyo ilikuwa habari moja. Ya pili ilitoka siku hiyohiyo ya tarehe 5: Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufuta viza zote za watu wenye pasi za Sudan Kusini. Zote. Sababu aliyotoa ni kwamba Sudan Kusini inakataa kuwapokea raia wake wanaorudishwa. Chuo cha Duke kikasema kinaifahamu habari hiyo na kinaangalia itakavyomgusa mwanafunzi wao. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba mgogoro wenyewe ulihusu mtu mmoja, na serikali ya Juba ilisema mtu huyo si wa kwao, ni Mkongomani. Tarehe 8 wakakubali kumpokea ili yaishe. Fikirini kidogo. Mkongomani mmoja ambaye hakuna nchi iliyomtaka, na kwa ajili yake mchezaji wa nne bora ya Marekani anaamka hajui kama yuko nchini kihalali.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye hajui ribaundi ni nini, alitusikia tukibishana juu ya ile faulo ya Flagg. Akauliza, "Mwanangu, huyo mtoto wenu mrefu, anaishi kule na karatasi gani?" Nikamjibu, "Mama, alikuwa na viza ya mwanafunzi." Akasema, "Alikuwa." Akaendelea kupepeta maharage yake. Katika uchambuzi wote wa msimu niliousikia, sijasikia uliofika pale alipofika yule mama.

Khaman hakurudishwa. Tarehe 25 Juni alikuwa ukumbini Brooklyn, akachaguliwa wa 10 kuingia NBA, akalia machozi mbele ya dunia. Haki za kumsajili zikaishia Phoenix. Tulifurahi, tulipiga kelele, mimi nilipiga kelele kuliko wote. Lakini mwezi huohuo wa Juni ilitoka amri nyingine ya Marekani. Somalia ilifungiwa karibu kabisa, na Warundi wakazuiwa viza kadhaa, ikiwemo ya wanafunzi. Hapa Nakivale Warundi ni wengi, na Wasomali wapo. Msichana mmoja wa Kirundi ndiye mpigaji wetu bora wa pointi tatu. Sasa nimwambie nini? "Ukijituma, utafika"?

Nilichoamua kumwambia ni hiki, na ndicho ninachowaambia wote. Cheza, kwa sababu mchezo ni mzuri na mwili wako ni wako. Jifunze kazi yako ndogo uifanye vizuri, kama Khaman. Usikanyage mstari kabla ya wakati. Lakini usiuweke mwaka wako wote kwenye mlango mmoja ambao mtu usiyemjua anaweza kuufunga siku ya mechi. Soma hapa, maana cheti cha hapa kinasomeka nchi nyingi. Na karatasi zako zitunze kama mboni ya jicho. Siku hizi kijana akija kuomba kujiunga na timu, kabla ya kumpa mpira namuuliza: jina lako kwenye kadi ya ukimbizi limeandikwa sawa na kwenye ripoti ya shule? Uko kwenye cheti cha familia? Tarehe ya kuzaliwa inalingana? Mwaka huu tumekuta makosa kwa vijana tisa, na wanne tayari yamesahihishwa. Hakuna anayepiga makofi kwa hilo, lakini kwangu ni kama ribaundi: bila hizo hushindi mechi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja. Mkitaka kutumia picha ya Khaman kwenye bango, tumieni. Ila chini yake msiandike neno "kipaji" peke yake. Andikeni pia uwanja, viatu, shule, hati ya kusafiria, na mtu wa kushika mkono. Halafu mtuambie ni kipi kati ya hivyo kiko kwenye bajeti ya mwaka huu, hata kama ni kimoja tu. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, na wengi wao ni watoto na vijana. Warefu wamo. Wafupi wenye macho makali wamo pia. Mgao umepungua na sote tunajua hali, hatuombi gimu kama ya Duke. Ringi ya pili ingetusaidia tuache kucheza nusu uwanja. Afisa wa kusahihisha majina akija mara moja kwa mwezi, angetusaidia zaidi.

Novemba 2025 ndiyo ACC walianza tena, timu 18 zilezile. Virginia, Miami, NC State na Florida State walianza na makocha wapya, na Duke walikuwa wamepoteza wachezaji watano waliochaguliwa NBA. Vijana tayari wananiuliza tutamfuata nani sasa. Nimewaambia tutafuata ligi nzima, jedwali lote, wa juu na wa mwisho. Wa mwisho nao wana mwaka ujao, mradi wawe wameandikishwa.